Kichwa Kizito au Mzigo Mzito?

Hotuba hii ilitolewa na mzee mmoja, mhitimu wa kisomo, katika mkutano wa wazazi kwenye kijiji kimoja cha Usukuma. Tunaichapa karibu kama alivyoisema. Isome, kisha mzungumze na wenzako nyumbani.



Mimi si msomi. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, nina mke, nina jembe mkononi. Ilikuwa wakati wa kampeni kubwa ya kisomo, miaka ya 1970. Tulikaa chini ya mwembe na kitabu cha kilimo cha pamba. Mwaka 1975 nikafanya mtihani, nikapata hatua ya nne. Cheti changu ninacho mpaka leo.

Nawaomba mnisikilize kidogo. Neno nitakalosema limenigharimu.

Maneno yaliyosemwa hapa

Wiki tatu zilizopita tulikutana hapa hapa kusikiliza matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Matokeo hayakuwa mazuri, kila mtu aliyasikia. Ndipo mzazi mwenzetu mmoja akasimama akasema: "Tusisumbuke bure. Watoto wa huku kwetu wana vichwa vizito. Akili ziko Moshi, ziko Bukoba, ziko Dar es Salaam."

Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi. Mimi sikucheka. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena juu ya mwanangu. Leo nataka kuwaeleza kwa nini si kweli.

Pacha wangu wawili

Mwaka 1976 mke wangu alijifungua pacha, wote wa kiume. Kwa desturi yetu, wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Tumbo moja, siku moja, ziwa moja.

Walipofika miaka minane, mjomba wao alikuja kututembelea kutoka Mwanza mjini. Alikuwa fundi huko, na maisha yake hayakuwa mabaya. Akasema: "Shemeji, nipe pacha mmoja nimsomeshe."

Tukakaa na mama yao tukashauriana. Sasa sikilizeni tulivyoamua. Doto alikuwa na jicho kali. Tulikuwa na ng'ombe zaidi ya thelathini, naye aliwajua mmoja mmoja. Jioni wakiingia zizini, akitazama mara moja tu anasema: "Yule mwenye baka hayupo." Kulwa hakuweza hivyo. Kulwa alikuwa akipoteza hata ndama.

Basi tukasema, Doto anatufaa nyumbani, Kulwa aende. Mnaona? Aliyebaki ndiye tuliyemwona ana akili zaidi. Tulimbakiza kwa sababu ya akili zake!

Kulwa akaenda mjini. Shule ilikuwa karibu na nyumba. Asubuhi alikunywa chai na kiporo kabla ya kutoka. Kiswahili alikisikia mtaani siku nzima. Mke wa mjomba wake alijua kusoma, na kila jioni alimwuliza: "Leo mmesoma nini? Hebu nisomee."

Doto alianza shule hapa mwaka ule ule. Shule ilikuwa mwendo wa saa nzima. Aliondoka tumbo tupu. Kipindi cha masika mto ulijaa, haendi. Siku mbili au tatu kila wiki nilimwambia: "Leo peleka ng'ombe." Darasani kitabu kimoja kilisomwa na watoto wengi, na aliyekaa pembeni aliona mgongo wa mwenzake tu. Mwalimu alifundisha Kiswahili, na sisi nyumbani tulizungumza Kisukuma. Mwaka wa kwanza mtoto alikaa kama kiziwi. Jioni kibatari hakina mafuta.

Miaka saba ikapita. Kulwa alishinda, akaenda sekondari. Leo ni tabibu wa zahanati. Doto alimaliza darasa la saba anajua kuandika jina lake na si zaidi. Mwalimu mmoja aliniambia: "Mzee, huyu ana kichwa kizito." Nami nikaitikia: "Ndiyo mwalimu, kichwa kizito."

Siku ile Doto aliniuliza swali moja. Alisema: "Baba, mimi na Kulwa si tulizaliwa siku moja?" Sikumjibu. Nilijifanya natafuta kamba.

Mwaka 2003 Doto, mtu mzima mwenye watoto, alijiunga na darasa la watu wazima. Hakuna aliyemlazimisha. Kwa miezi michache tu akawa anasoma barua na kupiga hesabu za pamba. Hivi, kile kichwa kizito kilikwenda wapi? Ndugu zangu, kichwa hakikuwa kizito. Mzigo ndio uliokuwa mzito.

Je, watu wa Kilimanjaro wamezaliwa na akili?

Mtaniambia: "Mzee, hayo ni ya pacha wako. Mbona mikoa mingine inatangulia miaka yote?" Swali zuri. Hilo nalo lina historia yake.

Wamisionari walipoingia nchi hii katika karne ya 19, walipenda kukaa penye hewa ya baridi, malaria kidogo, na ardhi yenye rutuba. Huko milimani Kilimanjaro, na huko Bukoba, walijenga makanisa, na karibu na kanisa walijenga shule. Halafu ikaja kahawa. Wakulima wa Kilimanjaro wakaunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Fedha ya kahawa ikasaidia kujenga shule na kulipa karo. Baba aliyesoma akamsomesha mwanawe, na mwana naye akamsomesha mjukuu. Hivyo wametutangulia kwa vizazi viwili au vitatu.

Sehemu nyingine mambo hayakuwa hivyo. Pwani wazazi wengi Waislamu waliziogopa shule za misheni, wasije watoto wao wakabadilishwa dini. Kwa wafugaji, mtoto alikuwa na kazi ya mifugo, na watu walihama kufuata majani na maji. Mikoa mingine Serikali ya kikoloni iliiacha tu iwe mahali pa kupata vibarua wa mashamba ya mkonge. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, wengine walikuwa wameshafika katikati ya safari, na wengine hawajafunga hata mzigo.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona jambo hilo. Mwaka 1973 karo ya shule za msingi ilifutwa. Mwaka 1974, huko Musoma, iliazimiwa kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi. Mwaka 1974 watoto wa shule za msingi walikuwa milioni 1 na laki mbili hivi. Ilipofika 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3. Hata nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyo nyuma nayo ipate. Na sisi watu wazima hatukuachwa. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, watu 67 hawakujua kusoma. Mwaka 1986 walibaki karibu 10 tu.

Hebu fikirini. Kama watu wa mikoa hii wangekuwa na vichwa vizito, jambo hilo lingewezekanaje? Mimi na ninyi tusingeweza kusoma hata neno moja.

Baadaye mambo yakalegea. Miaka ya 1980 nchi ilikuwa na shida kubwa, vitabu vikakosekana, na wazazi wakaanza kuchangishwa tena. Karo ikafutwa tena tangu mwaka 2001. Tangu 2016 elimu ni bila ada mpaka kidato cha nne, na tangu 2022 mpaka kidato cha sita. Mlango uko wazi. Lakini kuingia mlangoni ni jambo moja, na kujifunza ni jambo jingine.

Kipimo kinasema nini

Kuanzia mwaka 2010 hapa Tanzania ulifanywa utafiti uitwao Uwezo, kama ulivyofanywa pia Kenya na Uganda. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Walimpa mtoto hadithi fupi ya darasa la pili aisome, na hesabu za darasa la pili azifanye.

Mwaka ule wa kwanza hapa kwetu Tanzania, katika kila watoto 10 wa darasa la tatu, ni 3 tu walioweza kusoma hadithi ile ya Kiswahili. Na katika kila watoto watano waliokuwa wakimaliza shule ya msingi, mmoja hakuweza kuisoma. Hao ni watoto waliokaa darasani miaka saba. Kina Doto ni wengi, ndugu zangu.

Taarifa yao ya mwaka 2017 ilionyesha tofauti za mikoa. Walipima watoto wa miaka 9 mpaka 13, kusoma na hesabu. Dar es Salaam zaidi ya nusu ya watoto waliweza yote. Mkoa wa Katavi hawakufika hata robo.

Lakini si mkoa peke yake. Tafiti hizo zilionyesha pia kwamba watoto wa nyumba zenye mali hufanya vizuri kuliko watoto wa nyumba maskini. Na mtoto ambaye mama yake amesoma humshinda mtoto ambaye mama yake hakusoma. Kwa hiyo hata huko mjini, mtoto wa maskini anabeba mzigo wake. Na hapa kijijini, mtoto mwenye mtu wa kumwuliza "Leo umesoma nini?" ana bahati kubwa.

Mzigo wa Serikali

Sasa tusidanganyane. Mzigo huu si wa wazazi peke yao. Mahali pengine mzazi anajitahidi mpaka jasho linamtoka, na shule haina walimu.

Kwa muda mrefu lengo la Serikali limekuwa mwalimu mmoja kwa watoto 45. Hesabu hii unaiweza. Chukua idadi ya watoto wote wa shule, gawanya kwa idadi ya walimu. Kama shule ina watoto 450 na walimu 5, kila mwalimu ana watoto 90. Ni mara mbili ya lengo! Mwalimu huyo hata akiwa hodari namna gani, atasahihisha madaftari mangapi? Atamsikiliza nani akisoma?

Walimu wengi hupenda kukaa mjini, penye maji, umeme na nyumba. Mimi siwalaumu, ni watu kama sisi. Ila mtoto wa kijijini anaumia. Kupanga walimu ni kazi ya Serikali, na kutuletea vitabu ni kazi ya Serikali. Sisi kazi yetu ni kuhesabu na kusema. Tunajua kuandika, tuandike! Serikali ya Kijiji ipeleke barua kwa Diwani na kwa ofisi ya elimu, yenye hesabu ndani yake: watoto wangapi, walimu wangapi, vitabu vingapi. Kulalamika kilabuni hakuleti mwalimu.

Mzigo wetu

Na sisi tuna wetu. Nitataja mambo matano.

Kwanza, njaa. Mtoto mwenye njaa hasikii, anawaza ugali tu. Baada ya mavuno kila nyumba itoe mahindi kidogo kwa ajili ya uji wa shule. Kamati ya wazazi iyapokee na iandike daftarini, na daftari lisomwe mbele ya mkutano. Mahindi yasiyoandikwa yana miguu.

Pili, mifugo na maji. Tuchunge kwa zamu, sisi watu wazima. Nyumba tano zikiunganisha ng'ombe, kila nyumba itatoa mtu mzima siku moja, na siku tano za shule zimekwisha. Na mabinti je? Kina baba wenzangu, binti anayefuata maji alfajiri kisha anafika shuleni saa tatu, huyo kweli mnasema yuko shule? Baiskeli ninyi mnazo. Bebeni madumu.

Tatu, afya. Huko Busia, nchini Kenya, kuanzia mwaka 1998 wasomi walichunguza shule 75. Watoto walipewa dawa ya minyoo. Kutofika shuleni kulipungua kwa karibu robo. Ni minyoo tu hiyo! Siku ya dawa za minyoo shuleni usimfiche mtoto. Na chandarua ni cha kulalia, siyo cha kuvulia samaki.

Nne, lugha. Kisukuma ni chetu, hatukiachi, na mtoto akijue vizuri. Lakini tumpeleke darasa la awali kwa wakati, akizoee Kiswahili kwa nyimbo na michezo kabla hajaanza kuulizwa maswali. Asikae kama kiziwi, kama alivyokaa Doto.

Tano, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mimi nilijua kusoma. Nilikuwa na cheti cha mwaka 1975. Doto alikaa shule miaka saba, akilala nyumba moja nami. Hata siku moja sikumwambia: "Mwanangu, njoo tusome." Nilidhani kusoma ni kazi ya shule, na kazi yangu ni pamba na ng'ombe. Mke wa mjomba wake alifanya kwa Kulwa kazi ambayo mimi nilishindwa kuifanya kwa Doto. Haikuhitaji fedha. Ilihitaji robo saa ya jioni.

Huu ndio mzigo ambao mimi ningeweza kumpunguzia, nikauacha kichwani mwake.

Mjukuu wangu

Mwezi uliopita nilimwita mjukuu wangu, binti wa Doto. Yuko darasa la tatu. Nikampa gazeti hili hili nikamwambia: "Msomee babu." Akashika gazeti vizuri, akaanza kutaja herufi moja moja. Hakumaliza mstari. Akaniangalia, kisha akaangalia chini.

Moyo wangu ulishtuka. Nilimwona baba yake usoni mwake. Nikasema, la, mara hii hapana.

Usiku ule nikazungumza na Doto. Tukakubaliana mambo mawili. Ng'ombe atapeleka yeye mwenyewe, na siku zake za shamba nitamshika mkono mimi na nguvu zangu hizi za uzee. Na kila jioni mtoto hali chakula mpaka... hapana, jamani, msiogope! Anakula kwanza. Akishakula, anatusomea mistari mitano. Siku ya kwanza mistari mitano ilichukua muda mrefu mpaka babu akasinzia. Jana aliimaliza kabla chai yangu haijapoa. Bado anakwama kwenye maneno marefu. Hata mimi hukwama.

Sijui atashinda mtihani au hatashinda. Lakini akishindwa, sitasema ni kichwa chake. Na mtu mwingine hatasema hivyo mbele yangu.

Neno la mwisho

Ndugu zangu, mtoto akianguka njiani na mzigo, mtu mwenye akili hamcheki. Anaangalia kwanza: amebebeshwa nini? Na nani? Ulio wa Serikali, tuidai Serikali kwa hesabu na kwa adabu. Ulio wetu, tuutue leo.

Doto yuko hapa, amekaa pale nyuma karibu na mlango. Mwanangu, mwaka ule uliniuliza swali, nikajifanya natafuta kamba. Leo nakujibu mbele ya watu. Ndiyo, mlizaliwa siku moja.



Maswali ya kuzungumza

1. Kwa nini mzee na mkewe walimbakiza Doto nyumbani?

2. Taja mambo matatu aliyopata Kulwa mjini ambayo Doto hakuyapata kijijini.

3. Shule ya kijijini kwako ina watoto wangapi na walimu wangapi? Kila mwalimu ana watoto wangapi?

4. Leo jioni mwambie mtoto mmoja wa nyumbani kwako akusomee mistari mitano ya gazeti hili. Akikwama, msaidie. Usimcheke.